Kengele ya Mwisho wa Mstari

Nilifika Moshi nikinuka dagaa. Mama alikuwa amenijazia kikapu cha dagaa wa Kigoma nimpelekee mjomba, na kikapu hicho nilikipakata kutoka Kasulu, kwanza juu ya lori la mahindi, kisha kwenye behewa la daraja la tatu, huku watoto wa abiria wenzangu wakichomoa dagaa mmoja mmoja kupitia matundu ya ukili. Treni ya reli ya kati siku hizo ilikuwa na tabia ya kusimama porini bila kumwambia mtu sababu. Tabora tulikaa hata akina mama wakafua kanga zao, wakazianika madirishani, zikakauka, wakazivaa tena kabla hatujaondoka. Mimi sikuwa na haraka. Nilikuwa kijana wa kidato cha nne aliyekosa nafasi ya kuendelea, na kila stesheni tuliyoipita nilitamani kushuka nione watu wake wanaishije. Tamaa hiyo haijaniacha. Nimeshachapa barua za watu Mtwara, Mwanza na Tunduma, na kila mahali nimeondoka kabla mwembe nilioupanda haujazaa.

Morogoro niliacha treni, nikapanda basi la kaskazini, na hapo ndipo kikapu kilipoanza kuniletea maneno.

"Kijana, humo umebeba nini? Maiti?" kondakta aliuliza.

"Dagaa."

"Wamekufa lini?"

Basi zima likacheka. Mama mmoja aliyeketi kando yangu akanitetea. Alisema yeye ni mtu wa Mwika, anatoka kumtazama mwanawe aliyejifungua, na kwamba anayecheka dagaa wa Kigoma hajawahi kuwala. Nikampa kiganja kizima, akawafunga kwenye leso. Kwa dagaa wale nikawa nimenunua mwenyeji. Tangu Same alinieleza kila kilima tulichopita, na tulipofika Himo, anakoshukia, alinigusa bega akanyoosha kidole upande wa kulia.

"Mlima uko hapo."

Nikatazama. Niliona wingu zito, jeupe, limelala kama godoro.

"Sioni kitu, mama."

"Leo umejifunika. Usijali, hauna pa kwenda. Utauona."

Niliuona kesho yake alfajiri, nikiwa nimesimama nje ya nyumba ya mjomba katika makambi ya miwa, tambarare, kusini mwa mji. Mjomba alifika huko ujanani pamoja na watu wengine wa kwetu, wa Singida, wa Iringa na wa kwingineko, wote kwa ajili ya kukata miwa, wakaishia kuzaa na kuzikana huko huko. Aliniamsha yeye mwenyewe, akanitoa nje na usingizi wangu. Mlima ulikuwa umesimama wazi, mweupe kichwani, mkubwa kuliko nilivyokuwa nimejiandaa.

"Ndio huo," alisema mjomba. "Sasa umeshauona. Tuongee mambo ya maana."

Mambo ya maana yalikuwa haya. Mjomba aliingia kwenye miwa na panga. Alikata kwa miaka, akirudi nyumbani amejaa masizi kichwa hadi kidole, maana miwa huchomwa moto kwanza ndipo ikakatwa, mpaka hatimaye akahamishiwa kiwandani kwenye vinu. Hakutaka nianze alipoanzia yeye.

"Wewe umesoma," aliniambia. "Nenda mjini ukajifunze kazi ya mezani. Ada nitalipa. Lakini sikiliza vizuri, mpwa wangu. Masika yakiisha, msimu wa kukata unafunguka. Ukifunguka hujapata meza, nitakutafutia panga. Nyumba hii haina nafasi ya mtu wa kukaa."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuonyesha mahali kisima kilipo.

Hivyo ndivyo nilivyoingia uhazili. Asubuhi nilipanda baiskeli ya mjomba, nikakata vumbi la tambarare nikiuelekea mlima, mpaka mtaa wa Soweto, ambako mama mmoja alikuwa amegeuza sebule yake kuwa darasa la kupiga chapa. Alikuwa mtu wa Kilema, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Umri wake wote alichapa barua za wakubwa katika ofisi za serikali, na serikali ilipoanza kupunguza watu, naye akapunguzwa. Mashirika mengi yalikuwa yanafungwa wakati huo na vitu vyao vikinadiwa uwanjani. Wenzake walinunua viti na makabati. Yeye alinunua taipureta, zote alizozimudu, nzito kama mawe ya kusagia, na akaziweka juu ya meza za mninga mpaka familia ikawa inakula jikoni. Sote tulimwita Mwalimu.

Alikuwa na namna yake ya kufundisha ambayo sijaikuta kwingine. Kila mashine ilikuwa na kipande cha kitenge kilichofungwa juu yake kwa pini, na ncha za pili za kitenge zilifungwa shingoni mwa mwanafunzi, kama kinyozi anavyomfunga mteja. Mikono ilifanya kazi chini ya kitenge. Hukuweza kuona vitufe hata ungetaka. Kisha akagonga rula mezani, pole pole, nasi tukachapa kwa kufuata rula: herufi moja, pigo moja. Karatasi ilipokaribia ukingo, kengele ndogo ndani ya mashine ililia, ti! Hapo Mwalimu aliimba na sisi tukaimba naye:

"Maliza neno. Pumua. Sukuma."

Tukamaliza neno. Tukapumua. Mikono ya kushoto ikaruka yote kwa pamoja, ikasukuma ule mkono wa chuma unaorudisha karatasi mwanzo wa mstari mpya. Krrr, sebule nzima. Majirani walizoea kama watu wa karibu na kanisa wanavyozoea kengele.

Nilikuwa mwanamume peke yangu. Binti mmoja wa Mwika aliyekaa mashine ya jirani alihakikisha sisahau.

"Kaka, ukimaliza utakuwa sekretari wa nani?"

"Wa atakayenipa kazi."

"Na sketi utashona kwa fundi gani?"

"Nitavaa tai."

"Tai na rangi ya mdomo. Utapendeza, mbe," alimalizia kwa mwito wao wa Kichagga.

Hata Mwalimu alicheka, huku akigonga rula. Lakini vidole vyangu vilikubali kazi ile upesi. Nadhani ni kwa sababu ya baiskeli. Njia nzima kwenda na kurudi nilichapa kwenye usukani, a-s-d-f, nikichapa majina ya vitu nilivyovipita: miwa, mfereji, punda, mama na kuni zake. Nikifika kwenye kona, kengele ililia kichwani. Nilipumua. Mkono wa kushoto ukaruka, na mara moja ulinitupa mtaroni na baiskeli ya watu.

Masika yalipoanza, darasa lilianza kupungua. Karibu na soko kulikuwa kumefunguliwa darasa la kompyuta, lenye mapazia na feni, na kibao cha rangi kilichoandikwa kwamba atakayehitimu hapo ataajiriwa popote duniani. Mabinti wakahama mmoja mmoja. Wa Mwika naye akaja kuaga, akiwa na haya kidogo.

"Mwalimu, shikamoo. Baba kasema nihamie kule."

"Marahaba. Nenda, mwanangu. Ile ni televisheni. Ukichoka kuitazama, mashine yako iko hapa."

Alipoondoka, Mwalimu alikunja kile kitenge cha mashine yake, akakiweka kwenye droo. Droo ilikuwa imeanza kujaa.

Ni yule yule binti wa Mwika aliyeniletea habari. Alinisimamisha njiani siku moja ya mvua na kuniambia kwamba kampuni moja mpya inafungua ofisi mjini. Zamani kahawa ya wakulima ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, ushirika. Sasa ruhusa ilikuwa imetolewa na wanunuzi binafsi walikuwa wanakuja. Kampuni hiyo ilitaka mtu wa kuchapa.

"Kwa nini huendi wewe?" nilimwuliza.

"Mimi bado natafuta herufi kwa kidole kimoja kama kuku. Nenda wewe, kaka sekretari. Wewe una mikono."

Nilikwenda na shati la mjomba. Meneja alikuwa dada, Mchagga wa kuzaliwa aliyelelewa Dar, mchangamfu, hana muda. Aliniketisha mbele ya kompyuta iliyokwisha kuwashwa, akanipa tangazo lililoandikwa kwa mkono, la kuwaita wakulima walete kahawa yao.

"Chapa hiyo, kaka. Nikuone."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa mbele ya kioo kile. Lakini nilipotazama chini, herufi zilikuwa zimekaa pale pale nilipoziacha Soweto, zile zile, kwa mpangilio ule ule. Nilijawa na furaha ya mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Nikafumba macho kidogo, nikaanza. Vitufe vilikuwa laini kama maharage yaliyoiva. Nikafika mwisho wa mstari wa kwanza. Kengele haikulia, ila mkono wa kushoto haukungoja kengele. Uliruka, ukaipiga kompyuta kofi shavuni.

Yule dada aliinua kichwa. "Imekukosea nini?"

"Samahani, dada. Mazoea."

Nikatafuta kitu cha kusukumia, nikakiona kile kitufe kikubwa cha kulia, Enta. Nilikibonyeza, nikajikuta mstari wa pili. Basi. Tangu hapo kila nilipoona maneno yanakaribia ukingo, nilimaliza neno, nikapumua, nikabonyeza Enta. Niliteremka ukurasa mzima namna hiyo, bila kosa hata moja. Dada alikuja kusimama nyuma yangu.

"Duh. Una vidole wewe. Poa sana. Sasa pale mwanzo, baada ya 'wakulima', ongeza 'wa Kilema, Mwika na vijiji vya jirani'."

Nikaongeza. Mstari ule ukarefuka, ukafika ukingoni, ukakatika, na maneno mawili yakaangukia chini peke yake, yakaketi katikati ya karatasi kama watoto waliopotezwa sokoni. Nikayasogeza. Mstari wa chini yake ukaharibika. Nikaurekebisha huo, ukaharibika unaofuata. Ilikuwa kama kuhamisha beseni moja chini ya paa linalovuja kila mahali. Tangazo likawa na mistari mirefu na mifupi, mapengo yasiyo na maana, na jasho likawa linanitoka hadi kwenye shati la mjomba.

"Acha tu," dada alisema baada ya kunitazama. Hakuwa amekasirika. "Kaka, kompyuta unaiendesha kama taipureta. Mimi nabadilisha maneno kila saa, na siwezi kukaa na mtu ambaye nikiongeza neno moja anachapa ukurasa upya. Tunaanza kununua kahawa msimu ukifunguka. Kama sitakuwa nimepata mtu mpaka hapo, njoo tena nikuone."

Nilitaka kumwuliza nimekosea nini hasa. Simu ikalia. Akaiinua, akanionyesha mlango kwa kidevu, kwa upole.

Msimu wa kahawa na msimu wa miwa hufunguka karibu pamoja. Meza na panga vilikuwa vinakuja kwa njia moja, na mimi nimesimama katikati ya njia. Jioni ile niliona nyuma ya mlango wa mjomba kuna panga jipya, bado lina karatasi ya dukani kwenye mpini. Mke wa mjomba, niliyemwita shangazi, alinipakulia ugali kama siku zote.

Kesho yake nilimweleza Mwalimu kila kitu, pamoja na kofi. Alinisikiliza akiwa ameshika rula.

"Amesema una vidole vizuri?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Vidole hivyo nimekupa mimi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi kilichobaki ni hiyo televisheni yake." Tulikuwa tumebaki wachache sana. Mashine nyingi zilikuwa zimefunikwa. Akazitazama zote, moja moja. "Jumamosi utapanda na mimi Kilema. Misheni wana moja."

Jumamosi ilitukuta tukipanda kwa miguu njia nyekundu iliyoloa, baada ya gari kutushusha lilikoshindwa. Mimi mtoto wa tambarare na wa Kasulu sikuwahi kuona kijani namna ile. Migomba juu, mibuni chini yake, na chini ya mibuni magimbi, na katikati ya vyote mfereji wa maji unaokimbia bila kelele kupita shamba la huyu kwenda kwa yule. Kwanza tulipita kwenye kihamba chao, shamba la nyumbani, kumsalimu mama yake. Nikampa shikamoo. Bibi aliniangalia kuanzia viatu, akamwuliza binti yake kitu kwa Kichagga.

"Anauliza kama wewe ni mkwe," Mwalimu alinitafsiria.

"Mwambie mimi ni mwanafunzi."

Akamwambia. Bibi akaangua kicheko, akasema tena.

"Anasema, mwanamume mzima unajifunza kuchapa, na nani atachunga ng'ombe? Kaa unywe mtori."

Tulikunywa mtori wa ndizi na nyama, mzito, wa moto, kisha tukaenda misheni. Sista aliyetunza ofisi alikuwa binamu yake Mwalimu. Alituruhusu kuitumia kompyuta kwa sharti kwamba tuwachapie matangazo ya Jumapili. Mwalimu hakuketi. Alisimama nyuma yangu na miwani yake ya kamba ya kiatu, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.

Nilichapa matangazo yote kwa namna ninayoijua. Yalitoka safi. Kisha sista akaja na habari: ndoa moja imeongezeka, na kazi ya kusafisha mfereji imesogezwa. Nikaingiza maneno, na ule ugonjwa ukaanza tena, mistari ikakatika kama ngazi iliyovunjika.

"Ndiyo hiki?" Mwalimu aliuliza.

"Ndiyo hiki."

"Rudia mwanzo. Nataka nione mikono yako, sitazami kioo."

Nikarudia. Nilipofika ukingoni mwa mstari wa kwanza, nikapumua, kidole kikaenda kwenye Enta. Rula ikatua juu ya kidole changu, taratibu.

"Hapo. Nani amekupigia kengele?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Basi kwa nini unasukuma?"

Alinifundisha yeye.

"Usisukume," alisema. "Endelea."

"Mwalimu, nitatoka nje ya karatasi."

"Toka."

Ni vigumu kumweleza mtu asiyefundishwa na kengele jinsi ilivyokuwa. Kwa mwili wangu, mwisho wa mstari ulikuwa ukingo wa korongo. Kwenye taipureta, ukipita kengele, herufi hugongana zote mahali pamoja na kuwa doa jeusi, na karatasi imeharibika. Nilichapa herufi moja, nyingine, nikiwa nimekaza meno. Neno likafika ukingoni kabisa. Kisha neno zima likainuka, likashuka lenyewe, likakaa mwanzo wa mstari wa pili.

Tukakitazama kioo.

"Nani amelisukuma?" Mwalimu aliuliza.

"Limeshuka lenyewe."

"Rudia."

Nikarudia, likashuka tena. Sista aliingiza kichwa mlangoni kuuliza kama kuna tatizo, maana hakusikia tena mtu akichapa. Mwalimu alinigusa bega niondoke kwenye kiti. Akaketi. Mama yule aliyechapa barua za wakubwa maisha yake yote aliandika sentensi moja ndefu, akaiacha ipite ukingo, na mkono wake wa kushoto ukaruka hewani kutafuta chuma ambacho hakikuwepo. Akautazama ule mkono. Akaurudisha mapajani kama mtoto mtukutu.

"Sasa bila kengele," alisema, "mtu atapumua wapi?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikaa akilifikiria jambo hilo mpaka sista akatuletea ndizi za kuiva. Mwishowe akasema, "Kwenye nukta. Mtapumua kwenye nukta. Na Enta ni ya kumaliza habari, kama mtu anayehama chumba."

Kujua ni kitu kimoja, lakini mkono una kichwa chake. Jumamosi iliyofuata, na zilizofuata, nilipanda Kilema, na kila nilipoongeza mwendo, kidole kilirudi kwenye Enta na mkono wa kushoto uliruka. Mwalimu akatoa dawa kwenye mkoba wake: kimoja cha vile vitenge vya kwenye droo. Alichana ukanda, akanifunga kifundo cha mkono wa kushoto kwenye mguu wa meza, ulegevu wa kutosha kuchapa, ufupi wa kutosha kutoinuka. Nilichapa matangazo ya misheni nikiwa nimefungwa kama mbuzi. Padri alipita siku moja, akatutazama, akamwuliza sista kwa sauti ya chini kijana huyu amefanya nini.

"Anajifunza, Baba," sista alijibu.

"Mh," alisema padri, akaenda zake.

Kidogo kidogo kitenge kikaacha kukazika. Kisha siku moja Mwalimu alisahau kunifunga, nami sikugundua mpaka tulipokuwa tunateremka. Tulikuwa tunapita kwenye mibuni, na punje zilizokuwa kijani wakati tunaanza sasa zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu. Nikasema, "Mwalimu, leo hukunifunga." Akaendelea kutembea. "Najua," alisema. "Kahawa inaiva."

Tambarare moshi wa kwanza wa miwa ulikuwa umeshapanda. Mjomba aliniambia kwamba kesho kutwa wanaandikisha wakataji. Nilimwomba anipe kesho nijaribu tena.

Yule dada wa kampuni alikuwa amesimama kati ya maboksi. Alinikumbuka kwa kofi.

"Umerudi kuipiga tena?"

"Nimerudi kuongea nayo, dada."

Akacheka, akanipa karatasi, tangazo refu kuliko lile. Nilichapa nikiwa nimebana kiwiko cha kushoto ubavuni. Nilipumua kwenye nukta. Nilipomaliza, dada akavuta kiti, akaanza kunijaribu kwa makusudi: ongeza hapa, toa kule, jina la kijiji lile lipeleke juu. Kila nilipoongeza, maneno yakasogea yenyewe, yakapishana bila kugombana, kama watu kwenye benchi la kanisa anapoingia mama mwenye mtoto mgongoni. Mwishoni mwa aya mkono wangu wa kushoto uliinuka kidogo. Niliuona, naye aliuona. Ukasita, ukatua.

"Nani amekufundisha?"

"Mwalimu wangu wa taipureta, Soweto."

"Taipureta?" Akafikiri. "Mwambie msimu huu nitaajiri makarani wa vituo vya kununulia. Wote wana vidole vya kuku. Nitampelekea awafunze."

Nilipofika kambini mjomba alikuwa mlangoni. Sikuhitaji kusema sana. Nilimwambia nitaanza Jumatatu. Aliingia ndani, akarudi na lile panga jipya, akalibandua karatasi ya mpini, akampa shangazi.

"Hili la kukatia majani ya mbuzi," alisema. Kisha akanishika mkono, akaugeuza, akakitazama kiganja changu kwa muda. "Laini," alisema, kwa sauti ya kuridhika.

Nilikaa mezani pale misimu kadhaa, mingi kuliko niliyowahi kukaa popote baadaye. Makarani wa vituo walikwenda Soweto kweli, na baada yao wakaja wengine, mpaka Mwalimu akanunua kompyuta moja iliyotumika, halafu ya pili. Binti wa Mwika akarudi kwake, safari hii kumsaidia kufundisha, na vidole vyake vikaacha kudonoa. Akaendelea kuniita kaka sekretari mbele ya watu.

Kisha bei ya kahawa ikaanguka. Wakulima wengine wakaanza kung'oa mibuni wapande nyanya na mahindi, na kampuni yetu ikafunga vitabu vyake. Yule dada alinitafutia nafasi kwa wanunuzi wa korosho, Mtwara. Ningeweza kukataa, nikatafuta kazi pale pale. Lakini nilishaanza kutazama mabasi yanayopita, na aliponiambia jina la mji nisioujua, moyo ulinipiga kama siku ile kwenye treni ya Tabora.

Siku ya kuondoka mjomba alinisindikiza mpaka stendi, sanduku langu likiwa nyuma ya baiskeli. Mlima ulikuwa umejifunika. Alinifunga sanduku kwa kamba mara ya pili ingawa ya kwanza ilikuwa imara.

"Usipopata meza huko," alisema, "panga lako bado ninalo. Mbuzi wanalitumia tu kwa mkopo."

Basi lilikuwa bado linangoja abiria, nikakimbia Soweto kumuaga Mwalimu. Sikuingia. Dirisha lilikuwa wazi, na sebule ilikuwa imejaa. Upande mmoja kompyuta, upande mwingine taipureta kwa wale ambao zamu yao haijafika. Vioo havikufunikwa, lakini vibodi vyote vilikuwa chini ya vitenge, na ncha za vitenge zikiwa zimefungwa shingoni mwa vijana, wavulana wengi kuliko wasichana. Binti wa Mwika alikuwa anapita kati ya viti. Mwalimu alikaa mbele, na mbele yake hakukuwa na rula tena. Kulikuwa na bilauri ya maji na kijiko. Alifuata maandishi ya vijana wake kwa macho, na walipofika kwenye nukta, aligonga bilauri.

Ti!

"Pumueni," alisema.

Darasa zima likapumua. Mimi nje ya dirisha nikapumua. Na mkono wangu wa kushoto, ulioshika begi dogo la safari, ukainuka wenyewe mpaka usawa wa bega. Mwalimu akageuka, akaniona hivyo, begi langu juu hewani. Alitabasamu, akaniinulia mkono wake wa kushoto.